Kiapo cha Ini la Mbwa

Wodi ya Watoto, kitanda cha dirishani
Ijumaa, mchana

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, maana mama alitulea kwamba hata uwe umekuja kugombana, hodi unapiga na salamu unatoa. U hali gani huko kambini? Kifua chako je, vumbi la barabara limekiacha angalau usiku unalala? Greda lako jipya umeshalizoea? Huku nyumbani paa la jikoni halivuji tena, jirani wa cherehani anakusalimu, mguu wangu wa kushoto unavimba jioni kama kawaida ya mtu anayesimama kutwa kwenye maji. Sijambo, kama kuwa sijambo ni kula na kulala.

Mwanao anaendelea vizuri. Leo ni siku ya tisa tangu apasuliwe. Ameanza kutembea mwenyewe mpaka msalani, akishika ukuta, na akimwona muuguzi anauachia ukuta ili asifiwe. Mshono umekauka. Anakula kila kitu isipokuwa uji wa hapa, ambao anasema umepikwa na mtu aliyekuwa anafikiria mambo mengine. Hizo ndizo habari ulizopaswa kuziuliza kwanza, na hukuziuliza.

Barua yako nimeipata Jumatatu. Au niseme nimepata kivuli chake, maana barua yenyewe ulimwandikia meneja wa machinjio, kurasa nne, mimi ukanitumia nakala na kikaratasi kimebanwa kwa pini. Mistari mitatu. Nimuue mbwa, Jenerali, kabla ya mwisho wa wiki. Nisiongee na Mzee Ufunguo wa shimo la machinjio. Nikujulishe akishafukuzwa. Mwanao umemtaja mara moja tu, ukamwita "mgonjwa". Nina hasira na wewe, na sitaipaka asali. Kama umekaa, kaa vizuri. Kama unasomea barabarani, rudi kambini ukasomee huko.

Hebu nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa, maana wewe umeyasikia kwa simu ya dakika sita, nusu yake mtandao unakatika, ukakimbilia kalamu. Mwezi jana, siku ya Jumanne, mwanao alitoka shule akaja moja kwa moja machinjioni. Hajawahi kufanya hivyo, anajua siruhusu. Alifika getini akiwa amejikunja kama mzee, akamwambia Mzee Ufunguo kwamba tumbo upande wa kulia linataka kupasuka. Mimi nilikuwa ndani, kwenye meza yangu ya maini, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, na mashine ya kunyanyulia inapiga kelele, hata ungeniita kwa tarumbeta nisingesikia. Mzee hakusubiri mtu. Alichukua toroli lile la kubebea ngozi, akaliosha kwa maji ya moto mara mbili, akatandika koti lake, akamlaza mtoto, akamsukuma mpaka hospitali na mguu wake ule mbovu. Mimi nimepata habari nikiwa navua aproni. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje bila koti, ananuka damu, watu wamemwachia benchi zima.

Huyo ndiye uliyemwandikia kurasa nne.

Daktari wa upasuaji alimpiga mtoto picha ya tumbo, akaniita chumbani kwake. Ndani ya ini la mwanao palikuwa na kifuko cha maji, kikubwa kama chungwa. Nilipokiona kwenye ile picha nilikitambua mara moja, maana mimi vifuko vile navijua. Navikuta kwenye maini ya ng'ombe na kondoo kila wiki ya Mungu. Sikujua kwamba vinaota ndani ya watu.

Akanieleza taratibu, mara mbili, kwa sababu ya kwanza sikuisikia. Akasema ni mdudu, tegu mdogo kuliko punje ya mchele. Mbwa akila ini bichi au pafu bichi lenye vifuko, wale wadudu wanakuwa wakubwa tumboni mwake. Mbwa mwenyewe haumwi, anakimbia, anabweka, anang'aa. Mayai yanatoka kwenye kinyesi, yananasa kwenye manyoya. Mtoto anamkumbatia mbwa, halafu anashika mkate. Yai likimwingia mtu linakwenda kukaa kwenye ini, linajijengea kifuko pole pole, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wala husikii kitu. Akasema kwa ukubwa ule kifuko cha mwanao kina miaka mitatu au zaidi. Jenerali tunaye mwaka wa nne. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la saba naiweza.

Yote haya nilikwambia kwenye simu. Wewe ukayashika mawili tu, mbwa na ini bichi. La tatu ukalitunga mwenyewe.

Sasa nikurudishie maneno yako uone yanavyonuka. Umemwandikia meneja kwamba mbwa wako alikula maini mabovu kutoka shimo la machinjio. Kwamba shimo lilikuwa wazi. Kwamba mwenye ufunguo ni mzee asiyeona vizuri, anasinzia kazini, na "inasemekana" anawauzia watu wenye mbwa. Inasemekana na nani? Nani amesema? Wewe uko umbali wa siku mbili za basi, umekaa juu ya greda, unasikia vipi yanayosemekana huku? Kama umeamua kusingizia mtu, weka jina lako, usijifiche nyuma ya "inasemekana" kama mke mwenza.

Na usidhani sijui chuki hii ilianzia wapi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umefanya kazi pale miezi miwili, ukatoka getini unachechemea. Mzee akakuuliza umeumia lini, ukasema jana. Akakwambia uvue buti. Ukavua la kulia. Akakwambia na la kushoto. Ini la kilo mbili lilitoka humo limechukua umbo la mguu wako mpaka vidole. Watu walicheka wiki nzima, na wewe hukurudi kazini. Lakini Mzee hakukupeleka ofisini, mdogo wangu. Angekupeleka, usingepata barua ya tabia njema, na bila barua ile usingeajiriwa huko. Nyani haoni kundule.

Kuhusu shimo, nisikilize mimi niliyesimama hatua thelathini kutoka pale kwa miaka ishirini na miwili. Kiungo kilichokataliwa kinakatwakatwa, kinatiwa kwenye ndoo ya buluu, kinamwagiwa rangi ya kijani ili asije mtu akakitamani, na Mzee anakipeleka shimoni. Mfuniko ni wa chuma, unainuliwa na watu wawili. Kufuli ni kubwa kama ngumi. Ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata akienda kuoga. Akishafunga analivuta kufuli mara tatu, anaondoka, anarudi, analivuta tena, na sisi humuuliza kama linamjibu. Mbwa gani anafungua kufuli? Jenerali anashindwa kufungua mlango wa jiko uliorudishiwa.

Haya, tuje kwenye mbwa. Umesema nimuue. Nimekataa, na usinirudie neno hilo. Daktari wa mifugo alikuja wiki iliyopita, yule mwanamke mrefu aliyekupa mtoto wa mbwa na ile karatasi ya jinsi ya kumlisha. Amempa Jenerali dawa ya minyoo mbele ya macho yangu, akamshika taya mpaka akameza. Atarudi baada ya wiki sita kumpa tena, na kila wiki sita baada ya hapo. Tumemfunga nyuma ya nyumba, kinyesi chake nakichoma, nguo nilizomshikia nazichemsha. Mbwa hajajipeleka sokoni. Amekula alichowekewa. Ukitafuta wa kuua kwa sababu ya chakula cha mbwa, anza kutafuta juu zaidi.

Kikao cha Mzee kilikuwa jana, Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha chai. Meneja, mkaguzi wa nyama, na katibu wa wafanyakazi. Mimi niliitwa kama shahidi wa upande wako, kwa sababu umeniandika kwenye barua. Mzee alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, ufunguo nje ya shati. Amebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa apumzike kwa heshima, na nyumba anayokaa ni ya machinjio. Akifukuzwa anatoka na godoro lake. Hayo meneja aliyasema waziwazi, ili kila mtu ajue tunachokatia shauri.

Kisha akasoma barua yako kwa sauti. Alifika ukurasa wa tatu. Nitakuandikia maneno yako mwenyewe, kama umeyasahau. Kwamba unaapa kwa kaburi la mama yetu, katika nyumba ya dada yako hakuna kipande cha ini kilichowahi kupita mdomoni mwa mbwa bila kuchemshwa nusu saa nzima, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya daktari uliyoibandika ukutani kwa mkono wako, kwa kuwa dada yako ni mtu msafi kuliko wote uliowahi kuwaona. Wote wakanigeukia. Katibu wa wafanyakazi alinitazama kwa huruma, mkaguzi akatikisa kichwa kunikubali.

Nani alikutuma? Nakuuliza, nani alikutuma kula kiapo kwa ajili yangu? Uliniuliza? Ulinipigia ukasema, dada, nataka kuapa, niape? Ulikuwepo? Unakuja nyumbani siku kumi kwa mwaka, saba unalala, tatu unatembelea rafiki zako, na kwa hizo unajua kinachopita mdomoni mwa mbwa? Tena kwa kaburi la mama. Unajua kaburi hilo nani analipalilia?

Wakamuuliza Mzee anasemaje. Akasema hajawahi kuacha shimo wazi. Wakamuuliza anaweza kuapa kama mwenye barua alivyoapa. Hapo akashika ufunguo wake, akauangalia kama hajawahi kuuona. Halafu akasema kwamba yeye sasa ni mzee, kuna siku anafika nyumbani na hakumbuki kama amefunga, inabidi arudi, na kila akirudi anakuta amefunga. Lakini akasema, labda ipo siku hakurudi. Akasema mtoto yule alimsukuma mwenyewe kwenye toroli na kilio chake bado anakisikia, na kama ni usahaulifu wake uliomtia kile kifuko tumboni, basi wafanye wanavyoona, yeye hatabisha.

Unaelewa ulichofanya? Ulimfanya mtu aliyefunga kufuli kwa miaka thelathini aanze kuamini kwamba hakulifunga. Wizi ungekuwa afadhali, mwizi anachukua kitu akaenda zake. Meneja alisema uamuzi utatolewa Jumatatu. Tulipotoka, Mzee aliniomba radhi. Mimi. Aliniomba radhi mimi, kwenye korido, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Na mimi niliupokea huo mkono, nikasema ahsante. Ndani ya chumba kile nilikuwa nimeulizwa kama nina la kuongeza, nikasema sina.

Hasira niliyokuwa nayo kwako tangu Jumatatu, sasa nakwambia ilikotoka. Usiruke mistari.

Jenerali hakula shimoni. Alikula mkononi mwangu.

Wiki ya kwanza ulipoondoka nilichemsha, Mungu ananiona. Nusu saa kamili, kama karatasi ilivyosema. Lakini nafika nyumbani nimesimama kwa saa kumi, mguu umevimba, mtoto anataka kula, na mimi niweke sufuria ya mbwa motoni kwanza? Nikaona ni mambo ya watu wasio na kazi. Mbwa gani anapikiwa? Karatasi yako nikatundika kalenda juu yake, na kila mwaka nikabadilisha kalenda, karatasi iko chini mpaka leo. Dawa za minyoo ulizoacha nilimpa mara mbili, mara ya tatu akaitema nikasema shauri yake. Ini karatasi ilisema lisizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula chake, mimi nilimjazia bakuli. Aliposhindwa kugeuza shingo vizuri mwaka jana nilifanya mzaha, nikasema ndiyo ujenerali wenyewe, hageuki akiitwa. Kumbe ni ini lililozidi, linakakamaza mifupa ya shingo. Daktari wa mifugo aliipapasa ile shingo wiki iliyopita akaniuliza anakula nini, nikasema makombo. Nilimdanganya huku bakuli liko miguuni pake.

Na maini yenyewe, nayatoa wapi? Hapo ndipo penyewe. Mkaguzi akikuta ini lina kifuko kimoja upande mmoja, anaweka alama, mimi nakata pande lile, ini lililobaki linaendelea mezani na pande lile linakwenda kwenye ndoo ya buluu. Kila siku nilikuwa nakata, na kila siku niliona nyama nzuri, nyekundu, inazunguka kifuko kidogo kama zabibu, inakwenda kuoza shimoni. Roho iliniuma. Tangu meneja huyu aje, kile kipande cha mkono tulichokuwa tunapewa jioni kimekatazwa. Basi mkaguzi akigeukia ng'ombe mwingine, kabla ya ile rangi, nilikuwa nachomoa vipande viwili vitatu, naviweka kwenye mfuko ndani ya aproni.

Sikumpa hivyo hivyo, usinione mnyama. Nilifanya nilichofanya maisha yangu yote. Nikifika nyumbani, bombani nakitoboa kile kifuko, namwaga maji yake, nasugua kwa chumvi, nasuuza mara tatu mpaka maji yanatoka meupe. Nilidhani ugonjwa uko kwenye yale maji. Nimeosha matumbo, nimeosha bandama, nimeosha miguu ya ng'ombe iliyokanyaga kila uchafu, na vyote vinatoka bombani kwangu watu wanaweka mezani kwa wageni. Sijawahi kuona kitu ambacho maji na chumvi havikukishinda. Nilisema wengine wanaotupia mbwa wao hivi hivi ndio wachafu. Ini la mbwa wako nimeliosha kuliko watu wanavyoosha la kwao. Daktari wa mwanao aliniambia ile ngozi nyembamba ya ndani ya kifuko ndiyo imebeba mbegu, na inanata, haitoki kwa kuosha hata uoshe kutwa. Moto tu ndio unaoiua. Nusu saa ya moto. Niliinyima nusu saa.

Na maji yale niliyoyamwaga bombani Jenerali aliyalamba, halafu akamlamba mikono mwanao aliyekuwa anachezea makopo hapo hapo.

Sasa unajua kwa nini kile kiapo chako kimenichoma. Ungenitukana ningelala. Ungesema dada mchafu, dada mwizi, ningekurudishia matusi yangu na mambo yangeisha. Wewe ukaniita mtu msafi kuliko wote mbele ya kamati, na mzee wa watu akalipia. Nimekukasirikia kwa kuniamini. Nikikuangalia huko uliko naona bado unaamini dada yako hawezi kukosea, kwa kuwa aliacha shule akusomeshe. Acha. Nilikulea, sikuzaliwa malaika.

Lakini hata hayo yote hayakunifungua mdomo jana. Nilitoka kikaoni nikaja hapa wodini na uongo wangu. Niliketi, nikamchana mwanao nywele. Akaniuliza kwa nini narudia kuchana upande ule ule, nikasema njaa. Basi akaniinamia sikioni, akaniambia nisiogope. Akasema daktari alimuuliza wiki iliyopita, nilipokuwa nimekwenda kufua, kwamba mbwa wenu anakula nini nyumbani, na nani anamlisha. Yeye akamjibu tunamchemshia nusu saa kila siku, shangazi anaangalia saa ya ukutani. Hatuna hata saa ya ukutani. Akasema aliiongeza ili ionekane kweli.

Ana miaka tisa. Amepasuliwa tumbo kwa kosa langu, akalala pale na bomba puani, akakaa kunitungia ushahidi. Na alijua, mdogo wangu. Miaka yote alikuwa ananiona bombani. Nilipomuuliza kwa nini hakusema kweli, alinijibu kwamba baba amesema shangazi asisumbuliwe, ana watu wengi wa kuwatunza.

Leo asubuhi sikupitia wodini. Nilikwenda ofisini kwa meneja kabla hajavua kofia, nikamwambia nilivyokwambia wewe, kuanzia kalenda mpaka aproni. Mkaguzi aliitwa akasikia. Hakuna aliyepandisha sauti, na ningependa wangepandisha. Kazi yangu imekwisha leo leo, buti na kisu nimeviacha kaunta. Mzee Ufunguo wamemwita wakamwambia mbele yangu kwamba shimo lake halina doa. Aliwauliza kama wana uhakika, akarudia kuuliza, halafu akaenda kuangalia kufuli. Mimi hakunitazama, na ana haki. Wewe utamwandikia barua ya radhi, kwa mkono wako, na nakala utampa meneja. Usipoandika, nyumbani kwangu usije.

Kutoka hapo nikaja kwa mwanao. Nikamwambia nimeshasema, na yeye aseme. Nikamwambia daktari lazima ajue ukweli, maana wapo watoto wa jirani waliokuwa wanampanda Jenerali mgongoni, nao wapimwe, na mimi nipimwe. Akaniuliza kama nitafungwa. Nikasema sijui. Akaniuliza kama utamchukua, nikasema baba yako ataamua, na akiamua sitambishia. Alilia kidogo, akafuta.

Daktari alipopita saa tano na wanafunzi wake, mwanao aliinua mkono kama yuko darasani. Akamwambia kwamba siku ile alidanganya, shangazi alikuwa hachemshi. Daktari akaandika. Mwanao akamngoja amalize kuandika, akamwomba aandike na hili pia, kwamba shangazi alikuwa anaosha sana.

Ataruhusiwa kesho kutwa, saa nne. Omba ruhusa uje, usitume mtu. Wasalimie wenzako wa kambini, na jilinde na hilo vumbi. Mwanao anakusalimu, anasema uje na maandazi, hospitali hawajui kuyapika.

Ni mimi dada yako, niliyekulea na sikuchemsha.